Uza Manjano Kama Kiungo, Usiyauze Kama Dawa ya Saratani ya Utumbo



Msimu huu wa kuchimba manjano nimepokea swali moja kutoka kwa watu wengi, kila mmoja akiliuliza kwa namna yake. Wengine wanataka kujua kama ni kweli manjano yanatibu saratani ya utumbo mpana. Wengine wanauliza wachanganye kiasi gani na asali na pilipili manga kwa ajili ya mzazi anayetoa damu chooni. Kikundi kimoja cha wasindikaji kimeniomba niwasaidie kuandaa lebo mpya ya pakiti yenye maneno haya: "Hutibu vidonda vya tumbo, kuvimba kwa utumbo na saratani."

Jibu langu kuhusu lebo hiyo ni hapana. Sisemi hivyo kwa kudharau zao lenu wala tiba za wazee wetu. Nasema hivyo kwa sababu nimesoma ushahidi uliopo kuhusu manjano na utumbo, na ushahidi huo hausemi yale yanayosemwa sokoni. Leo nitaueleza kwa lugha ya shambani ili kila mmoja ajipimie. Makala ni ndefu kidogo, kaa chini uisome taratibu.

Tutofautishe magonjwa kwanza

Huku kwetu mtu akishika tumbo tunasema "ana vidonda vya tumbo", na mambo yanaishia hapo. Lakini tumbo lina sehemu nyingi, na kila sehemu ina maradhi yake.

Vidonda vya tumbo tunavyovizungumza kila siku huwa kwenye mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mwembamba. Mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu. Vina vipimo vyake, na dawa za hospitali zinawaondoa bakteria hao.

Kuvimba kwa utumbo ni jambo lingine. Hapo kinga ya mwili yenyewe inaushambulia ukuta wa utumbo kwa miezi na miaka. Ugonjwa ukikaa kwenye utumbo mpana pekee na kuuchubua, ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Ukiweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, huo ni ugonjwa wa Crohn. Mgonjwa huharisha, mara nyingi na damu, hupungua uzito na kuchoka.

Saratani ya utumbo mpana ni ya tatu. Kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, ambacho huweza kukaa miaka mingi bila maumivu yoyote kabla ya kugeuka saratani. Kuvimba na saratani vina uhusiano: ukuta unaochubuliwa kila siku hulazimika kujitengeneza kila siku, seli zinagawanyika mno, na katika kugawanyika huko makosa huingia. Ndiyo maana mtu aliyeugua vidonda vya utumbo mpana kwa miaka mingi hufuatiliwa kwa karibu na madaktari.

Kwa hiyo anayekuuzia unga mmoja kwa magonjwa yote matatu ameshakosea kabla hujafungua pakiti.

Kiambata na shabaha: tujifunze kwa pareto

Wakulima wa Mufindi, Njombe na Mbeya wanalijua zao la pareto. Ua la pareto haliui wadudu kwa kuwa ua. Ndani yake kuna viambata viitwavyo pairethrini, na katika ua kavu huwa ni kama asilimia 1 hadi 2 tu, kilichobaki ni majani makavu. Kiambata hicho kina mahali maalumu kinapopiga, yaani milango midogo kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu. Mlango ukishindwa kufunga, mdudu anatetemeka na kufa. Hapo penye mlango ndipo wataalamu wanapopaita shabaha.

Dawa za binadamu hufanya kazi kwa mantiki hiyohiyo. Mtafiti wa kuvimba kwa utumbo huuliza ni kitu gani ndani ya seli kinachowasha moto huu. Mojawapo ni protini iitwayo TNF, ambayo ni kama king'ora cha kuziita seli za kinga. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano iitwayo infliximab kwa ugonjwa wa Crohn, na kazi yake ni kuikamata TNF. Shabaha nyingine ni kimeng'enya COX-2 kinachotengeneza kemikali za uvimbe, na swichi ndani ya seli iitwayo NF-kB inayowasha jeni nyingi za uvimbe kwa mpigo.

Hapa ndipo manjano yanapoingia. Kiambata chake kikuu ni kurkumini, ndicho kinachoyapa ile rangi. Ukiweka kurkumini kwenye seli zilizooteshwa maabara, swichi ya NF-kB hulegea, COX-2 hupungua, na seli za saratani ya utumbo hupunguza kasi ya kuzaana. Hayo yameonekana mara nyingi na siyapingi.

Ila ndugu mkulima, hata wewe hukubali mbegu mpya kwa sababu imeota kwenye sahani ya maabara. Unataka kuiona kwenye udongo wako, na mvua yako, na ndege wako. Seli kwenye sahani haina ini la kuivunja dawa wala damu ya kuisafirisha. Kingine, wataalamu wa kemia ya dawa walioipitia kurkumini mwaka 2017 walionyesha kwamba ni molekuli isiyotulia na inayovuruga vipimo vyenyewe vya maabara, hivyo huonekana kana kwamba imepiga shabaha nyingi kuliko ilizopiga kweli.

Dawa ya saratani ya utumbo inayotoka kwenye mti

Kuna msomaji atasema: "Bwana Shamba, wewe umeegemea vidonge vya wazungu." Sivyo. Baadhi ya dawa wanazopewa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana zilianzia kwenye mimea. Tazama zilipitia wapi.

China kuna mti ambao wenyeji wanauita mti wa furaha. Mwaka 1966 Monroe Wall na Mansukh Wani, watafiti waliokuwa North Carolina nchini Marekani, walitangaza kwamba wamepata ndani yake kiambata kinachoua seli za saratani, kamptothesini. Miaka ya mwanzo ya 1970 kiambata hicho kilijaribiwa kwa wagonjwa, na majaribio yakasimamishwa kwa sababu ya madhara makali, yakiwemo kutoka damu kwenye kibofu. Kiambata kilikuwa cha asili, lakini kiliumiza watu.

Hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini katikati ya miaka ya 1980 shabaha yake ilijulikana: kimeng'enya kinachoitwa topoisomerasi ya kwanza, ambacho hulegeza uzi wa vinasaba ili seli iweze kujigawa. Wajapani walikibadili kiambata kile, wakapata dawa iitwayo irinotekani, na mwaka 1996 Marekani iliikubali kwa saratani ya utumbo mpana. Tangu mti hadi hapo ni miaka 30. Dawa hiyo hutolewa kwa dripu, kwa kipimo kinachokokotolewa kwa kila mgonjwa, na hata hivyo huweza kumharisha mtu vibaya sana. Magome ya mti ule ukiyachemsha nyumbani hupati irinotekani, unajilisha sumu isiyojulikana kipimo chake.

Aspirini nayo inafanana na hiyo. Magome ya mti wa willow yalitumiwa Ulaya kwa homa na maumivu tangu zamani. Mwaka 1897 kiwanda cha Bayer nchini Ujerumani kilitengeneza aspirini, ndugu wa kiambata cha magome yale. Baadaye watu waliozaliwa na hitilafu ya kurithi inayoleta saratani ya utumbo, iitwayo Lynch, walipewa miligramu 600 kwa siku katika jaribio kubwa, na miaka iliyofuata saratani ya utumbo ilipungua kati yao wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Sasa usikimbilie duka la dawa: aspirini hiyohiyo hutoboa mfuko wa chakula na kumwaga damu. Ni daktari anayepima faida na hasara kwa mtu mmojammoja.

Manjano yenyewe yamefikia wapi?

Tukija shambani kupima mbolea, tunaacha kipande kisichowekwa mbolea ili tulinganishe. Bila kipande hicho utaisifu mbolea kwa kazi iliyofanywa na mvua. Majaribio ya dawa nayo hutaka kundi la kulinganisha, na mgonjwa asijue yuko kundi gani.

Kwa vidonda vya utumbo mpana, manjano yameonyesha dalili nzuri. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la wagonjwa 89 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Wote waliendelea na dawa zao za kawaida, nusu wakaongezewa gramu 2 za kurkumini kwa siku. Baada ya miezi 6 waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wachache zaidi kwa waliopata kurkumini: kama 5 kwa kila 100, dhidi ya 20 kwa kila 100. Mwaka 2015 jaribio jingine la wagonjwa 50, wakitumia gramu 3 kwa siku pamoja na dawa ya mesalazini, lilionyesha zaidi ya nusu wakipata nafuu kamili ndani ya mwezi, huku upande wa kulinganisha asipate hata mmoja.

Ni habari njema, lakini isome yote. Majaribio yalikuwa madogo. Wagonjwa walikuwa na ugonjwa wa wastani au uliotulia. Kurkumini iliongezwa juu ya dawa ya hospitali, haikuchukua nafasi yake. Tena ilikuwa kurkumini iliyokamuliwa, si unga wa jikoni.

Kwa saratani, mambo ni tofauti. Mwaka 2006 wagonjwa 5 wenye ugonjwa wa kurithi unaootesha mamia ya vinyama kwenye utumbo walipewa kurkumini pamoja na kiambata kingine kiitwacho kwesetini. Vinyama vilipungua kwa wastani wa asilimia 60. Dunia ilishangilia, na hata leo habari hiyo inazunguka kwenye simu zetu. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kundi hilohilo la watafiti likafanya jambo la heshima: likarudi na wagonjwa 44, wengine wakapewa gramu 3 za kurkumini kila siku kwa miezi 12, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Idadi ya vinyama haikutofautiana, wala ukubwa wake.

Habari ya wagonjwa 5 inasambazwa na habari ya wagonjwa 44 haisambazwi. Ukimuuliza anayekuuzia unga, atakutajia ya kwanza.

Hesabu ya kijiko

Chukua kalamu. Unga wa manjano huwa na kurkumini takriban asilimia 3 ya uzito wake. Hutofautiana kwa mbegu na udongo, lakini 3 ni wastani mzuri. Kijiko kimoja cha chai hubeba kama gramu 3 za unga, yaani kurkumini kama miligramu 90. Wagonjwa wa majaribio walipewa miligramu 3,000. Kuzifikia unahitaji gramu 100 za unga, sawa na vijiko zaidi ya 30, kila siku.

Kwa hiyo kijiko kwenye uji au maziwa ni chakula kizuri, ila si kile kilichopimwa.

Wapo wanaosema pilipili manga inatatua hilo. Ni kweli kwamba piperini, kiambata cha pilipili manga, huongeza sana kurkumini inayoingia kwenye damu. Jaribio la mwaka 1998 lilionyesha ongezeko la mara 20. Lakini kitu kinachoongezeka kwenye damu kinaongezeka pia kwenye ini. Mwaka 2022 mtandao wa madaktari wa Marekani wanaofuatilia maini yaliyoharibiwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 walioumizwa ini na bidhaa za manjano, na baadhi ya bidhaa hizo zilikuwa na piperini. Hao walikuwa wanakunywa vidonge vyenye nguvu, siyo pilau. Usiogope pilau yako. Ogopa mchanganyiko mkali unaonywewa kila siku na mtu ambaye tayari anatumia dawa nyingine, hasa za kuzuia damu kuganda au za saratani, bila daktari kujua.

"Lakini Bwana Shamba, wazee walitibu"

Wazee walitibu mengi, na sayansi imewapa haki yao mara kadhaa. Mfano tunaoujua Afrika Mashariki ni artemisia, iliyolimwa Arusha, Kenya na Uganda kwa ajili ya viwanda vya dawa ya malaria. Tu Youyou wa China alianzia kwenye kitabu cha kale cha tiba, na mwaka 2015 alipata tuzo ya Nobel. Lakini dawa mseto tunayomeza hutengenezwa kwa artemisinini iliyokamuliwa na kupimwa, ikachanganywa na dawa ya pili ili vimelea visizoee. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani yake kwa malaria, kwa sababu kipimo ndani ya kikombe hakijulikani.

Heshima ya kweli kwa elimu ya wazee ni kuipeleka ikapimwe. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake linalosajili waganga na dawa zao. Mwenye dawa anayoiamini ana mlango wa kubisha.

Ninachokipinga ni kuutumia wasiwasi wa mgonjwa kuuza gunia. Katika kata ninazozihudumia nimemwona mzee aliyetoa damu chooni kwa miezi 8 huku familia ikimpa manjano na asali kwa imani kwamba ni bawasiri. Alipofika hospitali saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Manjano hayakumwua. Kilichomgharimu ni ile miezi 8. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hizi maradhi yanafichwa ndani ya chupa ya dawa ya kienyeji.

Muda ndio kila kitu katika ugonjwa huu. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ya utumbo mpana ikigunduliwa ingali palepale ilipoanzia, kama watu 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishasambaa mbali, wanabaki chini ya 2 kati ya 10. Hakuna unga wa kuziba pengo hilo.

Dawa iliyoko shambani kwako kweli

Sasa nikupe jambo ambalo naliunga mkono kwa mikono miwili, na linatoka shambani pia.

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu sana kwa wagonjwa wake wa Uganda ukilinganisha na Uingereza. Mwaka 1971 aliandika hoja kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi ndiyo sababu mojawapo. Wengi walibishana naye.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio la kubadilishana vyakula. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walipewa chakula cha kijijini Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakapewa chakula cha Kimarekani, kwa wiki 2 tu. Nyuzinyuzi za Wamarekani zilipanda kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku, za wanakijiji zikashuka kutoka 66 hadi 12. Ndani ya wiki hizo 2 dalili za uvimbe na za seli kuzaana haraka kwenye ukuta wa utumbo zilishuka kwa Wamarekani na kupanda kwa wanakijiji.

Kwa nini? Nyuzinyuzi zikifika utumbo mpana, bakteria wema wanazichachusha na kutoa asidi ya butiriki. Hiki nacho ni kiambata cha asili chenye shabaha. Seli za ukuta wa utumbo hukitumia kama chakula chao, na kinazuia vimeng'enya fulani vinavyoendesha jeni, hivyo kutuliza uvimbe na kuzirudisha seli kwenye mwendo wake. Tofauti na kurkumini, hiki hutengenezwa papo hapo kinapohitajika, kila siku, bila lebo.

Na viwanda vyake ni maharage, kunde, mbaazi, choroko, mtama, ulezi, dona, viazi vitamu, mchicha, matembele na matunda. Wewe unavilima. Inasikitisha kuona mkulima anauza mbaazi zote, anakula ugali wa sembe na soda, kisha ananunua unga wa "kusafisha utumbo".

Angalia na upande wa pili. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba nyama iliyosindikwa, kama soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana: kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Pombe na sigara navyo huongeza hatari. Kazi za mikono na kutembea huipunguza.

Chakula hiki hupunguza hatari, hakitibu saratani iliyokwishaota. Nikisema vinginevyo nitakuwa nimeandika lebo ileile ninayoikataa.

Nenda kituo cha afya ukiona haya

- Damu kwenye choo kikubwa, nyekundu au nyeusi, hata kama unadhani ni bawasiri.
- Choo kubadilika kwa zaidi ya wiki 3: kuharisha, kufunga, au choo kuwa chembamba.
- Kupungua uzito bila sababu.
- Kuishiwa damu, kuchoka, kuhema kwa kazi ndogo.
- Maumivu au uvimbe tumboni usioisha.
- Mzazi, kaka au dada aliyewahi kuugua saratani ya utumbo, hata kama wewe huna dalili.

Usiseme "mimi bado kijana", maana ugonjwa huu huwapata vijana pia. Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya na uombe rufaa. Kipimo kinachoona ukuta wa utumbo mpana ni kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando huhudumia wagonjwa wa aina hii, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam. Ukiwa na dawa yoyote ya kienyeji unayotumia, mtajie daktari bila aibu.

Basi lebo iandikwe nini?

Turudi kwenye biashara, maana najua mnataka kipato. Andikeni hivi: manjano ya unga, asilimia mia, jina la kikundi, mahali yalipolimwa, uzito, tarehe ya kusaga na ya kuisha muda, na alama ya TBS mkishaipata. Kama mmepima kurkumini maabara, andikeni kiwango chake. Wanunuzi wakubwa hulipa kwa kiwango hicho, kwa rangi na kwa usafi, hawalipi kwa maneno "hutibu saratani". Sana sana maneno hayo huwafukuza, kwa sababu bidhaa inayodai kutibu inaingia kwenye sheria za dawa, na mamlaka zinaweza kuiondoa sokoni.

Kausheni juu ya turubai safi au kichanja, siyo kando ya barabara. Unyevu wa unga usizidi asilimia 10 ili ukungu usipate nafasi. Msiongeze rangi yoyote. Bangladesh iligundulika kwamba baadhi ya wachuuzi walikuwa wakitia kemikali ya njano yenye madini ya risasi ili manjano yang'ae, nayo risasi huharibu ubongo wa watoto. Mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli za sokoni zilikuwa nayo. Serikali ilipobana na watu kuelimishwa, kufikia 2021 haikupatikana tena. Soko lilisafishika kwa miaka 2, na letu tunaweza kulilinda kabla halijachafuka.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Manjano ya Muheza, Morogoro, Kigoma na Zanzibar ni mema. Yana rangi, yana harufu, yanapendeza mchuzi na pilau. Yaache yajiuze kwa hayo. Kazi ya kutibu saratani waachie wenye vipimo, na mgonjwa wako mpeleke kwao mapema.

Kama una swali kuhusu usindikaji, ukaushaji au kupima sampuli, niandikie hapo chini nami nitakujibu. Kama swali lako linahusu damu chooni, usinisubiri mimi. Nenda kituo cha afya kesho asubuhi.